Jinsi ya Kumsoma Sifongo wa Baharini: Mwongozo Kamili wa Maumbile na Maisha Yake

Sifongo ni mnyama asiye na mdomo, tumbo, moyo, mapafu wala neva, na hata hivyo anakula, anapumua, anakua, anazaa na kujilinda dhidi ya maadui. Mtu anayeanza kumsoma kwa kuorodhesha viungo vya mwili, kama afanyavyo kwa samaki au chura, hukwama mapema, kwa sababu viungo hivyo havipo. Njia inayofaa ni kuyafuata maji: yanaingilia wapi, yanapita wapi, kitu gani kinayasukuma, nini kinachukuliwa njiani, na hatimaye yanatokea wapi. Takriban kila sehemu ya mwili wa sifongo, kuanzia ngozi ya nje hadi sindano ndogo zinazoushikilia mwili wake, hueleweka inapotazamwa kwa kuihusisha na safari hiyo.

Mwongozo huu umepangwa kwa hatua zinazoweza kufuatwa na mwanafunzi, mwalimu au mpiga mbizi. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya mkono, hadubini inayokuza kati ya mara 100 na 400, wembe mkali, glavu, pipeti, vichupa vya kioo, ethanoli na daftari. Kabla ya kuchukua kipande chochote cha sifongo aliye hai, ulizia sheria za mahali hapo, kwa kuwa maeneo mengi ya hifadhi ya bahari hayaruhusu kukusanya viumbe bila kibali, na kipande cha ukubwa wa ukucha kinatosha kwa kazi yote inayoelezwa hapa.

Hatua ya kwanza: Hakikisha kwamba unayemtazama ni sifongo

Umbo peke yake halitoshi kumtambua sifongo, kwani anaweza kuwa utando mwembamba juu ya jiwe, bonge la mviringo, tawi, bomba, feni au pipa kubwa ambalo mtu anaweza kuingia ndani yake. Isitoshe, spishi moja inaweza kuwa na umbo tofauti kulingana na nguvu ya mikondo ya maji na mwanga wa mahali ilipoota. Rangi nayo hubadilika, na mara nyingi hupotea kabisa mara tu kielelezo kinapowekwa katika ethanoli. Kwa hiyo mpige picha angali mahali pake, pamoja na rula au kitu kingine cha kuonyesha ukubwa, na uandike kina cha maji na aina ya mwamba au mchanga anaokaa.

Baada ya hapo tafuta vitundu. Sifongo ana matundu ya aina mbili: madogo mno yaliyotapakaa juu ya ngozi, ambayo huitwa ostia na mara nyingi hayaonekani bila lenzi, na makubwa machache yanayoonekana wazi, ambayo kila moja huitwa oskulamu. Kiumbe anayechanganywa naye mara nyingi ni askidia, mnyama wa baharini mwenye mwili kama mfuko, ambaye ana matundu mawili tu yanayoonekana, na akiguswa huyafunga papo hapo kwa sababu ana misuli na neva. Sifongo pia anaweza kubana mwili wake, lakini hufanya hivyo polepole, kwa dakika kadhaa au zaidi. Matumbawe laini hutambulika kwa polipu zao, yaani vijinyama vidogo vinavyounda koloni, kila moja ikiwa na mikono minane, ilhali sifongo hana polipu wala mikono.

Usimguse kwa mkono mtupu. Spishi kama Tedania ignis huwasha ngozi vikali, na nyingine zina sindano za kioo zinazoingia mwilini na kukatikia humo.

Hatua ya pili: Yafuate maji kabla hujakata chochote

Hatua hii ndiyo iliyomaliza ubishi wa karne nyingi juu ya iwapo sifongo ni mmea au mnyama. Mnamo 1765 John Ellis alieleza mikondo ya maji aliyoiona kwa sifongo hai, na katika miaka ya 1820 Robert Grant, akifanya kazi Edinburgh, alithibitisha kwa kutazama kwa subira kwamba maji huingilia kwenye vitundu vidogo na kutokea kwenye matundu makubwa. Jaribio lenyewe ni jepesi, na linapaswa kufanywa na kila anayeanza.

Chagua sifongo ambaye hajasumbuliwa, mahali ambapo maji yametulia, au mweke katika chombo cha maji safi ya bahari bila kumtoa hewani hata kidogo. Hewa ikinasa ndani ya mifereji yake ni vigumu kutoka tena, na tishu zilizo karibu nayo zinaweza kufa. Mwache atulie. Kisha vuta rangi isiyo na sumu, kwa mfano fluoresini iliyoyeyushwa katika maji ya bahari, uiachilie taratibu kwa pipeti karibu na ubavu wake, mbali na oskulamu. Rangi itazama ndani ya mwili kana kwamba imenyonywa, na baada ya muda mfupi itachomoza kwenye oskulamu kwa mkondo wenye nguvu. Isipotoka, yumkini sifongo amesitisha kazi ya kusukuma maji. Wengi husita wanapoguswa au maji yanapojaa tope, kwa hiyo subiri na ujaribu tena baadaye.

Tazama kwa makini tofauti ya kasi kati ya maji yanayoingia na yanayotoka, maana ndani yake mna siri kuu ya maumbile ya mnyama huyu. Mfano unaotajwa sana vitabuni ni wa sifongo mdogo wa jenasi Leuconia, mwenye kimo cha takriban sentimita 10 na kipenyo cha sentimita 1. Maji humwingia kupitia mifereji ipatayo 80,000 kwa kasi ya sentimita 0.1 kwa sekunde. Yanapofika katika vyumba vyake vidogo vya ndani, ambavyo ni zaidi ya milioni 2, kasi hushuka hadi sentimita 0.001 kwa sekunde. Kisha yanapokusanyika na kutoka kwenye oskulamu moja, kasi hupanda hadi sentimita 8.5 kwa sekunde. Kwa siku nzima mnyama huyo mdogo husukuma takriban lita 22.5.

Sababu ya mabadiliko hayo ni ya kifizikia. Kiasi kilekile cha maji kinapopita katika eneo pana, kasi hupungua. Kinapobanwa katika tundu jembamba, kasi huongezeka. Vyumba kila kimoja ni kidogo sana, lakini eneo lao likijumlishwa ni kubwa mno kuliko la mifereji inayovilisha, na ndiyo maana maji hukaribia kusimama pale hasa ambapo seli zinahitaji muda wa kunasa chakula na kuchukua oksijeni. Kasi kubwa ya kutoka nayo ina kazi yake: maji yaliyokwisha kuchujwa, yaliyobeba amonia na taka nyingine, hurushwa mbali ili yasinyonywe tena. Sifongo anayeishi penye mkondo hupata msaada wa ziada, kwa kuwa maji yanayopita juu ya oskulamu huvuta yale ya ndani na kumpunguzia kazi ya kusukuma.

Hatua ya tatu: Kata kipande na uisome mifereji

Kwa wembe mkali, kata kipande kinachoanzia kwenye ngozi na kuingia ndani hadi kwenye mfereji mkubwa unaoelekea oskulamu. Kiweke katika maji ya bahari na ukitazame kwa lenzi. Utaona ngozi nyembamba, chini yake mara nyingi uwazi mdogo, kisha mtandao wa mifereji inayoingiza maji ikigawanyika na kuwa myembamba zaidi, na mwingine wa mifereji inayotoa maji ikiungana na kuwa mipana zaidi. Katikati ya mitandao hiyo miwili ndipo vilipo vyumba vya kusukuma maji, vyenye kipenyo cha makumi ya mikromita, ambavyo vitahitaji hadubini.

Vitabu vingi hutaja mipango mitatu ya mwili. Katika mpango wa askoni, mwili ni mrija wenye ukuta mwembamba, na seli za kusukuma maji zimepangwa moja kwa moja kuuzunguka uwazi wa katikati uitwao spongosili. Katika mpango wa sikoni, ukuta huo umekunjwa na seli hizo ziko ndani ya mikunjo. Katika mpango wa leukoni, mikunjo imekuwa maelfu ya vyumba vya mviringo vilivyounganishwa na mifereji. Kwa maoni yangu, mazoea ya kuanza na kumalizia somo kwa mchoro wa askoni humpa msomaji picha isiyo sahihi, kwa sababu mpango huo unapatikana kwa sifongo wadogo wachache tu wa ngeli (kundi kubwa la uainishaji) ya Calcarea, ilhali idadi kubwa kabisa ya sifongo wanaoonekana baharini ni wa leukoni. Mrija wa askoni hauwezi kukua sana: ujazo wa maji katika uwazi wa kati huongezeka upesi kuliko eneo la ukuta lenye seli za kuyasukuma. Sifongo mkubwa kama pipa anawezekana tu kwa sababu pampu zake zimetawanywa katika vyumba visivyohesabika.

Hatua ya nne: Zijue seli na kazi zake

Sifongo ana seli za aina mbalimbali, lakini hazikuunda ogani. Zimepangwa katika tabaka tatu, na ni rahisi kuzikumbuka kwa kufuata njia ileile ya maji.

Seli za kwanza kukutana na maji ni pinakositi, ambazo ni bapa na hufunika nje ya mwili pamoja na kuta za mifereji. Baadhi yake zinaweza kujikunja na kupunguza ukubwa wa vitundu, na zile za chini hutoa gundi inayomshikiza sifongo kwenye mwamba. Katika sifongo wa askoni kuna pia porositi, seli yenye tundu katikati yake, ambayo yenyewe ndiyo mlango wa maji.

Ndani ya vyumba kuna koanositi, na hizi zinastahili muda wako mwingi zaidi. Kila koanositi ina flagela moja, yaani mkia mwembamba unaochapa maji bila kukoma, na kuizunguka flagela hiyo kuna ukosi wa vijinyuzi vingi vilivyosimama karibu karibu. Mapigo ya flagela huvuta maji kupita katikati ya vijinyuzi, na chembe ndogo, hasa bakteria, hunaswa kwenye ukosi, zikamezwa na seli na kuanza kumeng'enywa humo humo ndani ya seli. Flagela za koanositi hazipigi kwa pamoja. Kila moja hufuata mwendo wake, lakini kwa kuwa zote zimeelekea ndani ya chumba, jumla ya kazi yao ni mkondo wa upande mmoja. Mnamo miaka ya 1860 Henry James-Clark aligundua kwamba seli hizi zinafanana mno na viumbe wa seli moja waitwao koanoflagelata, na utafiti wa vinasaba wa nyakati zetu umeonyesha kwamba viumbe hao ndio ndugu wa karibu zaidi wa wanyama wote. Hivyo anayetazama koanositi kwenye hadubini anatazama muundo wa kale sana katika historia ya wanyama.

Ili kuziona zikiwa hai, chukua kipande chembamba kadiri uwezavyo, kichanechane kwa sindano mbili katika tone la maji ya bahari juu ya kioo cha hadubini, kifunike, na utazame kwa ukuzaji wa mara 400. Flagela zenyewe ni nyembamba na si rahisi kuonekana, lakini utaona vichembe vilivyo karibu na vishada vya seli vikitikisika na kuvutwa.

Kati ya pinakositi na koanositi kuna mesohili, tabaka lenye ute na nyuzi za kolajeni. Humo hutembea arkeositi, seli zinazotambaa kama amiba, zikipokea chakula kutoka kwa koanositi na kukigawa mwilini. Arkeositi zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, jambo linaloeleza uwezo wa ajabu wa sifongo kujiponya na kujijenga upya. Seli nyingine za mesohili hutengeneza sindano za mifupa na nyuzi za sponjini, protini laini inayonyumbulika. Wakazi wengine wa tabaka hili si seli za sifongo: katika baadhi ya spishi, bakteria na vijidudu vingine wanaoishi kwa ushirika huchukua zaidi ya theluthi moja ya ujazo wa mwili, wakichangia chakula na kemikali za ulinzi.

Hatua ya tano: Safisha na usome spikuli

Spikuli ni vipande vidogo vigumu vinavyoujenga mwili wa sifongo wengi, na ndivyo ushahidi unaotegemewa zaidi katika kutofautisha spishi. Anza kwa kujua vimetengenezwa kwa madini gani. Weka kipande kidogo kwenye kichupa, uongeze matone ya siki au asidi nyingine hafifu. Povu likitokea na spikuli zikiyeyuka, ni za kalsiamu kabonati, na sifongo ni wa ngeli ya Calcarea. Zikibaki, yumkini ni za silika. Mwoshe sifongo kwanza kabla ya jaribio, kwa maana vipande vya kombe na mchanga wa matumbawe vilivyonasa mwilini navyo hutoa povu na vinaweza kukudanganya.

Kwa kipande kingine ambacho hakijaguswa na asidi, tumia dawa ya kung'arishia nguo yenye sodiamu haipokloraiti. Kifunike kipande kwa dawa hiyo mpaka nyama yote iishe na mashapo meupe yatue chini. Spishi nyingi huchukua chini ya saa moja, na zenye sponjini nyingi huchukua muda mrefu zaidi. Kamwe usichanganye dawa hiyo na siki au asidi yoyote, wala usitumie kichupa kimoja kwa majaribio yote mawili bila kukiosha, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini ambayo ni sumu. Vaa glavu na fanya kazi mahali penye hewa ya kutosha. Mashapo yakishatua, ondoa maji ya juu kwa pipeti bila kuyatibua, ongeza maji safi, subiri yatue tena, na urudie mara kadhaa. Osha mara ya mwisho kwa ethanoli, dondosha tone moja juu ya kioo, liache likauke, kisha tazama.

Spikuli kubwa ndizo zinazobeba mwili. Nyingine ni sindano zilizochongoka ncha zote mbili, nyingine zina ncha moja iliyochongoka na ya pili butu au yenye kichwa kidogo. Kuna zenye miale mitatu, zenye minne, na zile zenye mihimili mitatu iliyokatana kwa pembe mraba hata kutoa miale sita. Spikuli ndogo zimetapakaa katika mesohili na zina maumbo ya nyota, ndoano, herufi S au nanga; usizipuuze, kwa sababu mara nyingi ndizo zinazoamua jina la spishi. Pima urefu wa spikuli nyingi za kila aina, wala usitosheke na moja iliyokupendeza.

Sifongo hujipatia silika kutoka kwa asidi ya silisiki iliyoyeyuka katika maji ya bahari. Seli maalumu huanza kwa kuunda uzi wa protini, na kuuzunguka uzi huo silika huwekwa tabaka juu ya tabaka. Mnamo 1998 ilielezwa kwamba protini kuu katika uzi huo, iitwayo silikateini, ni kimeng'enya kinachosaidia uwekaji huo, na jambo linalowastaajabisha wanasayansi ni kwamba kioo hiki hutengenezwa katika halijoto ya kawaida ya bahari, bila tanuri. Sifongo wa kina kirefu Monorhaphis chuni hujenga spikuli moja inayoweza kufikia urefu wa mita 3.

Kumbuka pia kwamba kukosa spikuli si dalili kwamba umekosea. Spongia officinalis na Hippospongia communis, ambao mifupa yao laini imetumiwa kuogea tangu enzi za kale, hawana spikuli hata moja. Wana nyuzi za sponjini tu.

Hatua ya sita: Mweke katika ngeli yake

Spishi zaidi ya 9,000 zimekwisha kuelezwa, na zote zimo katika ngeli nne za faila ya Porifera. Demospongiae ndiyo kubwa kupita zote, ikiwa na zaidi ya asilimia 80 ya spishi. Sifongo wake wana spikuli za silika, au sponjini, au vyote viwili. Humo wamo sifongo wa maji baridi, na wamo pia wala nyama wa familia ya Cladorhizidae, ambao wengi wao wamepoteza mfumo wa kuchuja maji na badala yake hunasa krasteshia wadogo (jamii ya kamba na kaa) kwa spikuli zenye ndoano. Ulaji huo ulielezwa mwaka 1995 kutokana na sifongo waliokuwa wakiishi katika pango la Bahari ya Mediterania. Calcarea tumekwisha kuwataja. Homoscleromorpha ni wachache, na wana utando wa chini ya seli unaofanana na ule wa wanyama wengine.

Hexactinellida, sifongo wa kioo, wana spikuli za miale sita na wengi wao huishi katika kina kirefu. Sehemu kubwa ya tishu zao haikugawanyika katika seli moja moja bali ni utando mmoja wenye viini vingi, na kupitia utando huo ishara ya umeme inaweza kusafiri na kusimamisha kazi ya kusukuma maji mwilini kote, ingawa hakuna neva hata moja.

Hatua ya saba: Fuatilia uzazi

Sifongo wengi ni huntha, yaani kila mmoja ana jinsia zote mbili, wakitoa mayai na mbegu za kiume kwa nyakati tofauti. Mbegu za kiume, ambazo kwa kawaida hutokana na koanositi, hutolewa kupitia oskulamu. Wakati mwingine zinatoka kwa wingi hivi kwamba sifongo anaonekana kufuka moshi. Katika spishi nyingi mbegu hizo huingia kwa sifongo mwingine pamoja na maji ya kawaida, hunaswa na koanositi, na badala ya kumeng'enywa husafirishwa hadi kwenye yai. Lava (mtoto anayeogelea) anayepatikana ana vijinywele vya kuogelea, na baada ya saa au siku chache hujibandika mahali ambapo, kwa kawaida, atakaa maisha yake yote. Tafuta mayai na viinitete katika mesohili unapokata kipande. Huonekana kama punje za mviringo, mara nyingi zenye rangi tofauti na nyama inayozizunguka.

Uzazi usio wa kijinsia ni wa kawaida vilevile. Vipande vinavyokatwa na dhoruba huota, spishi za Tethya hutoa chipukizi juu ya ngozi, na sifongo wengi wa maji baridi huunda vifuko vigumu viitwavyo gemyuli, vilivyojaa arkeositi, ambavyo hustahimili ukavu na baridi kali.

Hatua ya nane: Zitenganishe seli na uzione zikiungana

Mnamo 1907 H. V. Wilson alikamua sifongo, ambaye sasa anaitwa Clathria prolifera, kupitia kitambaa laini cha hariri hadi seli zikatengana, kisha akaona seli hizo zikitambaa, zikikusanyika na hatimaye kuunda sifongo wapya. Unaweza kurudia mwanzo wa jaribio hilo. Chukua kipande kibichi cha Demospongiae laini, kiweke katika kitambaa chenye matundu membamba sana, na ukikamue taratibu ndani ya bakuli la maji safi ya bahari. Maji yatageuka kuwa na ukungu. Weka kiasi kidogo katika sahani bapa ya kioo, mahali penye ubaridi na kivuli, na utazame kwa hadubini kila baada ya muda. Arkeositi zitaanza kutambaa na kugusana, na katika saa chache utaona vishada vya mviringo. Badilisha maji kila siku kwa uangalifu, maana vishada vingi hufa kwa bakteria kabla ya kufika mbali. Vile vitakavyojibandika chini ya sahani na kutandaa ndivyo vyenye nafasi ya kujenga upya mifereji na vyumba. Kwa ulinganisho, andaa sahani ya pili yenye maji ya bahari ya maabara yasiyo na kalsiamu wala magnesiamu: humo seli hubaki zimetengana, kwa kuwa molekuli zinazozishikamanisha haziwezi kufanya kazi bila madini hayo.